Mjane wa Cormac, Mpangaji wa Mtaa wa Pili

Troy, 3 Machi 1976

Shangazi Philomena,

Shikamoo. Goti linasemaje? Sisi wazima, theluji tu ndiyo haituonei huruma.

Nimekwenda maktaba kutafuta Babu alikufa mwaka gani, ili uweke jiwe lake kando ya Bibi kama unavyotaka. Wana vitabu vya zamani vya wakazi wa mji: jina, kazi, anwani, maneno yote yamekatwakatwa kubana nafasi. Cha 1909 kinasema Bibi Honora ni "wid Cormac", yaani mjane wa Cormac. Sawa. Lakini mistari michache juu yake yupo Cormac Heffernan, jina kamili la Babu, "lab, bds": kibarua, amepanga chumba Mtaa wa Pili! Shangazi, maiti anapanga chumba? Kichwa kinaniuma.

Binti wa kaka yako,
Noreen

Albany, 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, halina adabu.

Hicho kitabu kimelewa. Baba alikufa nikiwa na miaka minne, na Mama alivaa nyeusi mpaka tunamzika. Huyo ni Cormac mwingine. Troy Waairishi walijaa kama viazi guniani. Vaa miwani utafute vizuri! Nina miaka sabini na moja, nataka wazazi wangu walale pamoja kabla sijawafuata.

Shangazi yako

Troy, 2 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Keti kwanza.

Mwaka 1908 Cormac huyo anakaa nyumba moja na Bibi. Mwaka unaofuata yuko Mtaa wa Pili, na hatoki humo mpaka 1922, kisha jina lake halionekani tena. Wazoefu wa maktaba wananiambia karani wa vitabu hivyo alibisha hodi nyumba kwa nyumba, akaandika alichoambiwa. Mke aliyeachwa alijiita mjane, majirani wasipate la kusema. Sijui niamini nini. Nisamehe kama nimekosea.

Noreen wako

Albany, 20 Juni

Noreen,

Marahaba. Goti usiulize. Nilinyamaza kwa hasira: kwako, kwa Mama, sijui kwa nani.

Nilipokuwa mtoto, Jumapili kulikuwa na mwanamume akisimama ng'ambo ya kanisa, kofia mkononi, ananinyooshea peremende. Mama alinibana mkono: "Usimsalimie, mlevi huyo." Nikampita. Kila Jumapili nilimpita, mwanangu, mpaka siku moja hakuwepo tena.

Jiwe la Mama liache lilivyo, tusiweke la Baba kando yake. Ujane aliuchagua mwenyewe, na aibu ya yule bwana akaibeba peke yake. Nitafutie Cormac kazikwa wapi. Nitakuja na goti langu hivihivi. Ananidai salamu.

Shangazi yako