Ufagio mu Lupango ya Kilio

Siku ya tatu, tarehe 8 mwezi wa kumi

Sombe, majani ya muhogo, nimepika mapema. Filamu ya Inspecteur wa polisi inaanza jioni, na mi sipende kusimama ku moto wakati batu banakufa mu tele.

Narudi, Mama Alphonsine ameikala mu kiti yangu ya fotei. Ametoka Mutshatsha na mifuko ya makala ya kupikia na mudomo. Ni mama ya Nadège, muke ya mutoto wangu Sylvain. Tumbo ya Nadège imefika mwisho, yeye amekuja kungojea mujukuu. Sawa. Angojee kimya basi. Lakini kila siku anasema mutoto ataitwa Tshinyama, jina ya baba ya yeye mwenyewe. Mi nasema Kazadi, jina ya bwana yangu marehemu. Kwetu Kasai mutoto wa kwanza anachukua jina kwa baba. Anasema kwao hapana. Kwao ni kwao. Mutoto atazaliwa hapa Kolwezi, mu nyumba yangu.

Filamu: tajiri moja wa magari amekufa mu lupango, mu uwanja ya nyumba yake. Bamemuua. Kilio imekaa, banamuke bako chini, muke ya marehemu hakutoa ata chozi moja. Pale pale Mama Alphonsine akasema, "Njo yeye. Muke wa macho kavu iko na kitu."

Ilinichoma. Bwana yangu alipokufa, mi pia sikulia. Niliketi chini kilio yote, macho kavu. Mama Alphonsine alikuwa pale na banamuke benzake. Balisema nini pembeni, najua yote.

Nikamuambia, "Hapana. Ni muke ya ndugu ya marehemu. Alifagia."

Ndiyo, alifagia. Nyuma ya jikoni, asubuhi, maiti haiyazikwa. Mu kilio nani anafagia lupango mbele ya kuzika? Ata kuku ikichafua unaacha. Ule mwanamuke alikuwa anafuta kitu mu udongo. Inspecteur na kofia yake alipita karibu, hakuona.

Mama Alphonsine akanijibu, "Mama Sylvain, ule ni actrice wa filamu tu. Bamemupatia ufagio, afanye nini? Ale?"

Majirani benye kuja kuangalia bakacheka. Nadège, amelala ku mukeka, akasema, "Bamama, kichwa inaniuma. Mwenye kusema kweli ku filamu, yeye njo atatoa jina. Mwengine atanyamaza mpaka atazikwa."

Sylvain alifikiri anacheka. Hakuwa anacheka. Tukakubali, mi na Mama Alphonsine, mbele ya batu.

Inspecteur akaita bote mu salon, akafungua mudomo. Courant ikakatika, tele ikazimika.

Siku ya ine, tarehe 9

Filamu itarudi kesho kutwa, siku ya posho. Mbele ya pale, hakuna kitu.

Jirani yetu Mama Zaina, mwenye kuuza bitenge, iko na groupe, mashine ya kutoa courant. Aliona mpaka mwisho. Asubuhi nilikuta Mama Alphonsine ku mulango yake, anasema amekuja kuomba chumvi. Chumvi kwangu iko kilo nzima. Nikamurudisha.

Mama Zaina akasema, "Mulikubaliana, mungojee. Mi sitasema, ata munilipe." Akaniangalia, akacheka kidogo. Ile kicheko sikuielewa. Imeniharibia siku.

Naogopa. Naandika hapa, kwa batu sisemi. Sylvain ni mutoto wangu wa pekee. Nadège amesema, huyu mutoto na basi, maisha ni magumu. Nikishindwa, jina Kazadi imekwisha. Na itakuwa kwa sababu ya tele. Bajinga kabisa, mi wa kwanza.

Siku ya tano, tarehe 10

Amezaliwa. Mwanaume. Mukubwa, mweusi kidogo ku masikio, atafanana na batu ba kwetu.

Ku maternité mama mwenye kuzalisha akauliza jina. Nadège akamujibu, "Tunangojea Inspecteur." Ule mama akauliza kama Inspecteur ni muyomba wa mutoto na atafika lini. Sylvain akasema, "Kesho, saa sita."

Mama Alphonsine njo alimubeba wa kwanza, mi nyuma. Nilisikia mubaya sana. Alimunong'oneza kitu mu sikio. Kama alimuita Tshinyama, ni bwizi.

Siku ya posho, tarehe 11

Nimeshinda.

Niandike vizuri. Salon ilijaa, ata batu ba ile ngambo ya barabara balikuja. Courant ilikuwa. Nadège mu fotei na mutoto, hiyo nilikubali.

Inspecteur akamugeukia muke ya marehemu. Akamuuliza, "Mama, juu ya nini haukulia?" Mama Alphonsine alikuwa amekwisha kusimama, anapiga mikono. Ule mwanamuke akajibu pole pole kwamba alikuwa na batoto ba kulisha mu ile kilio, na ilifaa mutu moja abakie na akili.

Mi nilisema "Eh" yenye nguvu. Sikujua kama nitasema.

Inspecteur akatoka inje, akaenda nyuma ya jikoni. Akauliza, "Nani alifagia hapa?" Muke ya ndugu ya marehemu akaangusha sahani. Pingu, mikono bibili.

Nilicheza. Na magoti yangu haya, nilizunguka salon na kitambaa juu, Mama Zaina anapiga bigelegele, sababu alijua tangu siku ya tatu. Niliambia bote: mwanamuke wa macho kavu hakuua mutu. Nikasema tena. Nikarudilia mara ya tatu, uso kwa uso na Mama Alphonsine. Na ule Inspecteur, alikaa filamu nzima juu ya kuona kitu mi niliona mara moja. Mushahara wake ni ya nini?

Mama Alphonsine akasema, "Ata mi niliona ule ufagio."

Bongo, hakuona kitu. Nikamuacha nayo.

Siku ya yenga, tarehe 12

Sylvain ameandikisha jina. Kazadi.

Nimetoka ku misa peke yangu. Lupango kimya. Mama Alphonsine alikuwa nyuma ya nyumba, anaogesha mutoto mu beseni, mugongo kwangu. Hakunisikia.

"Kazadi, inua mukono. Ngoja, Kazadi. Kazadi, ni maji tu."

Pole pole, bila hasira. Siku nyingi hakuna mwenye kuita ile jina mu hii lupango. Mutoto akatoa sauti kidogo, sawa vile anaitika.

Sikuingia. Nilikaa ku kizingiti mpaka amalize kumupakaa mafuta.