Jeshi Bila Maria

Katindo, Goma
Jumatatu, tarehe 24 Machi 2025

Mpendwa Yaya Aksanti, kaka yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Habari za Kampala? Wifi Sylvie hajambo? Na mtoto, kile kikohozi kimemtoka? Natumaini barua hii itawakuta wote wazima. Sisi huku tuko. Siku hizi mtu akikuuliza habari hapa Goma unamjibu "tuko", naye anaelewa. Mama yako hajambo, goti limetulia na anakula vizuri. Baba naye yuko nyumbani tangu Jumatano. Kwa nini nimeandika "yuko nyumbani" kama habari, utaona mbele, usishtuke bado.

Nianze na neno moja ulishike: usikate tiketi ya basi ya Pasaka kabla hujasoma barua hii yote. Nakuomba, Yaya. Kaa chini, soma.

Najua umeshangaa kuona karatasi. Mimi wa komisyo ya mawasiliano ya parokia, mwenye kutuma picha na video za misa kutwa nzima, leo nimerudi kwenye kalamu na bahasha! Nimerudi kwa sababu simu imenitia adabu, na pia kwa sababu sijui tena ni nani anayezisoma simu zetu. Barua anakuletea Mama Kanyere, yule mfanyabiashara wa vitenge anayepitia Rutshuru na Bunagana. Ataikunja ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

Sasa nikwambie. Ni lile bango lako.

Unakumbuka jinsi Baba alivyokuwa akilalamika. Yeye ndiye rais wa Jeshi la Maria hapa parokiani, na jeshi lake limebaki la wamama wazee, hodari wa kusali lakini magoti yamekwisha. Mwezi huu wa tatu kuna ile siku yao ambapo kila mmoja anapita mbele ya bendera ya Maria, anaigusa na kurudia kiapo chake. Baba alitaka safari hii bendera iguswe na mikono ya vijana pia. Mimi ndiye niliyemwambia tukuombe wewe, kwa kuwa kutengeneza mabango ndiyo kazi yako, na kwa kuwa tulikuwa bado tunayasema yale uliyotufundisha: neno moja kubwa la kumsimamisha mtu njiani, kitenzi cha kumsukuma, halafu namba ya simu. "Msihubiri kwenye bango," ulituambia, "bango ni la kumkamata mtu shati tu."

Bango lilikuwa zuri, siwezi kukunyima haki yako. Refu kama mlango. Juu, Bikira Maria na joho lake la buluu. Katikati, kwa herufi nyekundu ambazo hata bibi asiye na miwani anazisoma: JESHI LINAKUITA! Chini ya hapo: Kijana, simama ule kiapo mbele ya bendera. Jumapili, saa tatu. Na namba ya Baba. Halafu mwisho kabisa, kwa vile viherufi vyako vyembamba vya kupindapinda, "Jeshi la Maria" na jina la parokia. Na pembeni yake, kama kawaida yako ya kutia sahihi kila kitu, jina lako na namba yako ya Uganda. Baba aliliangalia, akafurahi, akasema umekuwa mtu mkubwa. Mimi nikalituma kwenye makundi yote.

Yaya, wewe uko mahali ambapo watu wana mega za intaneti za kufungua picha. Huku picha haifunguki hivihivi. Inakuja na ukungu, na ikiwa ndefu, simu yenyewe inaikata juu na chini, inakuonyesha katikati. Juu alikuwepo Maria, chini alikuwepo Maria, na katikati palibaki jeshi. Jeshi, kijana, kiapo, bendera, na namba ya baba yangu. Hakuna mtu aliyelikata kwa ubaya. Mtu mmoja alipiga picha alichokiona kwenye kioo cha simu, akakipitisha kwa jirani ili amwonye, jirani akapitisha kwa shemeji, na kufika jioni mji mzima ulikuwa nacho.

Na unajua tuko katika hali gani tangu Januari, mji ulipotekwa ukapata wakubwa wapya wenye bunduki. Neno jeshi hapa tunalisema kwa sauti ya chini, huku tumegeuza macho kuangalia nyuma. Mama akiwa na mtoto wa kiume anayeanza kuota ndevu, halali. Siku ile wamama wa sokoni walifunga meza zao mapema wakaenda kuwaficha watoto kwa wajomba. Mmoja alimpigia Baba simu akilia, anamsihi amfute mwanawe kwenye orodha, wakati Baba hajui hata mwanawe ni nani. Mwingine, kijana, aliuliza kama chakula kipo. Huyo ndiye aliyenisikitisha kuliko wote, maana aliuliza kwa adabu.

Baba hakuelewa kitu. Alidhani Roho Mtakatifu ameshuka. Siku hiyo niko jikoni nachambua majani ya sombe, simu ikalia, na Baba kama unavyomjua anaongea na simu kwa sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa, akaiweka wazi tusikie wote. Ilikuwa sauti ya mwanaume, tulivu.

"Papa, ni kwenu banaandikisha jeshi?"

"Ndiyo, mwanangu, njo hapa kwetu. Karibu sana!"

"Munakamata batu ya namna gani?"

"Yeyote mwenye roho ya kutumika. Lakini vijana njo tunapenda zaidi."

"Na silaha?"

"Silaha kila mutu anakuja na yake. Kama hauna, wamama batakupatia."

Yaya, nilitoka jikoni mikono imejaa majani, nikapiga kelele, "Baba, sema rozari! Sema ni rozari!" Unajua wao Jeshi la Maria rozari wanaiita silaha, miaka yote wanaiita hivyo, hata kwenye sala zao. Lakini yule mtu alikuwa amekwisha kukata. Baba aliniangalia na simu mkononi. "Sasa yeye alifikiri silaha gani?" aliniuliza.

Kesho yake asubuhi walikuja watu wawili wa hao wakubwa wapya, kwa pikipiki. Hawakupiga mtu, hawakutukana. Waliuliza kwa upole kabisa kama hapa ndipo kwa Komanda Fortunat. Baba alisema yeye si komanda, ni rais, na hilo halikusaidia chochote. Walimchukua yeye, simu yake, na bendera ya Maria iliyokuwa imeegemea kabati. Mama yako alikuwa kwenye kiti akiwaangalia. Alichukua tu sweta ya Baba akamtupia begani.

Mimi nikakimbia kwa Padri paroko, tukaenda pamoja kusimama kwenye geti lao. Tulisimama tangu asubuhi mpaka jua limeanza kushuka upande wa Sake. Padri aliingia mara moja, akatoka. Akaniambia: wana ile picha iliyokatika tu, na hawaamini maneno. Wanataka kuona bango lenyewe, zima. Simu ya Baba walikuwa nayo, lakini Baba picha huwa ananiambia nimfutie, anaogopa simu itajaa.

Bango zima nilikuwa nalo mimi. Kwenye simu yangu, mfukoni.

Nililifungua pale getini, nimegeukia ukuta. Maria alikuwepo, parokia ilikuwepo, na jina lako lilikuwepo pembeni, na namba ya nchi nyingine. Nikaona jinsi litakavyosomwa: mtu wa nje ya nchi anatengeneza matangazo ya jeshi na kuyaleta Goma. Nikajaribu kukukata, Yaya. Nikavuta kwa kidole kutoka chini, lakini umeliandika jina lako mstari mmoja na "Jeshi la Maria", bega kwa bega. Nikikutoa wewe, na Maria anatoka. Nikajaribu kutoka pembeni, herufi zako za kupinda zimeingia ndani ya neno, ikabaki "Jeshi la Mar". Nilivuta, nikarudisha, nikavuta tena, mpaka Padri akanishika mkono.

Nikaingia, nikawaonyesha zima.

Sikuombi msamaha. Ningefanya tena hata sasa. Lakini nimeumia, na nakuambia wazi kwamba nimeumia.

Baadaye ndiyo nikajua Baba alikuwa ameniwahi. Walikuwa wamemwuliza ni nani aliyelitengeneza bango, akajibu: "Ni miye." Wakampa simu yake, wakamwambia basi aifungue. Akaibonyeza mara tatu, ikamgomea, maana tangu umnunulie simu ile ni mimi huwa namfungulia. Wakacheka. Wakamwuliza tena: "Na huyu Maria njo nani? Anaikala wapi?" Baba aliwaeleza Maria ni nani kuanzia Nazareti. Nadhani walichoka kabla hajafika Kana.

Alipoona nimeingia na simu, alijua. Alitikisa kichwa, "hapana", polepole, kama anavyomkatalia mtoto. Mkubwa wao aliipokea simu, akatazama sana. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaipandisha mpaka kwenye uso wa Bikira, akaishusha mpaka kwenye pembe. Nadhani na yeye ni Mkatoliki, kwani alitaka kucheka akajizuia. Akasema Baba aende nyumbani kesho asubuhi, wakimaliza maandishi. Halafu akachukua kalamu, akaandika jina lako na namba yako kwenye kiganja cha mkono, si kwenye karatasi.

"Huyu ni wa kwenu?"

Nikasema ni kaka yangu.

"Anakuyaka lini?"

Nikasema sijui utakuja lini.

"Akifika, apitiye hapa kwanza. Tusalimiane."

Alisema hivyo tu, anatabasamu. Nimeyageuza maneno hayo kila upande. Labda ni salamu kweli. Nawajua watu walioambiwa wapite kwanza, wakapita, wakarudi kwao na soda mkononi. Nawajua na wengine ambao ndugu zao bado wanauliza. Kwa hiyo, Yaya, usije Pasaka. Usije kabisa mpaka nitakapokuandikia kwa mkono wangu. Mtu akikupigia kwa simu kusema mambo yametulia, hata akiongea kwa sauti yangu, usije.

Baba hajaniongelesha vizuri tangu arudi. Anakula, anasali, ananijibu "ndiyo" na "hapana". Jana usiku alisema neno moja tu juu ya hilo: kwamba mzee akilala nje siku moja si kitu, bali kijana ana safari ndefu. Mimi nilimjibu kwamba mzee mwenye presha hana siku moja ya kuchezea. Tumeishia hapo.

Kiapo chenyewe kilifanyika jana, ndani ya kanisa, milango wazi. Bendera hawajairudisha, kwa hiyo wamama waligusa meza ya altare. Kijana hakuja hata mmoja. Wale wa pikipiki walikuja, wakasimama mlangoni mpaka baraka ya mwisho. Mmoja alivua kofia.

Na kuhusu kazi yetu hii, kwa kuwa najua utauliza: hatujafunga ukurasa wa parokia. Padri alitaka, mimi nikakataa. Lakini sasa kila tangazo linapita kwanza kwenye simu mbovu ya Mama Uwamariya wa usafi, bila mega, na anatuambia ameona nini. Asipomwona Mungu, hatutumi. Wafundishe na hao wachungaji unaowatengenezea mabango huko Kampala. Na jina la Bikira usiliweke tena chini kama anwani ya kiwanda cha sabuni. Nakutania, lakini nimekasirika pia, yote mawili.

Limebaki la mama yako. Sikutaka kumwambia kwamba huji. Chumba chako alikwisha kukifagia, na shuka alikwisha kuzianika. Lakini aliona uso wangu, akaniambia nilete lile bango alione. Nikaliprinti kwa jirani, zima. Akalitazama kwa muda, akaniuliza jina lako liko wapi, nikamwekea kidole chake juu yake. Nikamwomba tulichome, si vizuri karatasi ile kukutwa ndani. Akakubali. Akaomba mkasi kwanza.

Joho, na herufi nyekundu, na namba ya Baba, vyote vimeingia kwenye makaa tukapikia chai. Ile pembe yenye jina lako ameiweka ndani ya kitabu cha sala. Nimemweleza kwamba hiyo ndiyo sehemu ya hatari kuliko zote. Amesema anajua, ndiyo maana kitabu chenyewe anakilalia. Na shuka hajazitoa kitandani.

Nisalimie sana wifi Sylvie na mtoto. Baba anakusalimu, hakunituma, lakini namjua. Wamama wote wa Jeshi wanakutaja kwenye rozari yao, kwa jina la ubatizo tu, nimewakataza lile lingine. Mama Kanyere ukimwona umpe chai, na usimwulize mambo ya njiani.

Bwana akufunike huko uliko, na mama yake akukumbuke, mzima, juu mpaka chini.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na anayekukataza kuja,

Ange