Siku Mbili Nilizozificha

Jumatatu, 1 Septemba
Nimesahihisha hesabu za darasa la saba mpaka kalamu ikaniponyoka. Mtihani wa taifa wiki ijayo. Homa siku ya tano. Zahanati wanasema malaria hakuna, wamenipa dawa za taifodi. Jioni nyumba yetu nzima, hapa mtaa wa Area D, ilikuwa kama inapumua.

Jumatano, 3 Septemba
Baridi inanitetemesha juani. Nimesinzia ofisini nikajiona kijijini Kibakwe, napanda mlima bila miguu, mawingu yananipisha. Nilikasirika kuamshwa.

Ijumaa, 5 Septemba
Nimeanguka darasani. Mume wangu Elia alinileta hospitali kwa bajaji. Daktari ni binti mdogo, sauti ya taratibu. Alinivuta kope. Macho ya manjano.
"Mwalimu, kabla ya homa, tumbo halikukusumbua?"
Elia akajibu hapana. Kisha nikasema kweli. Lilinikata mwezi uliopita, chini kulia, siku mbili. Nilimeza dawa za maumivu nikaenda kufundisha. Sikumwambia mtu.
Elia alinitazama kama mgeni.

Jumamosi, 6 Septemba
Wamenipitisha kwenye mashine ya picha. Kidole tumbo kilipasuka kimyakimya, siku zile mbili. Vijidudu vikapanda na damu hadi kwenye mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini. Damu imeganda humo, na bonge lenyewe lina vijidudu. Dawa za taifodi zisingelifikia. Daktari hakuficha: watu hufa kwa hili.
Dripu mkono wa kushoto. Sindano ya kuzuia damu isigande, kwenye ngozi ya tumbo. Naogopa.

Jumapili, 7 Septemba
Sijui saa. Naelea. Shamba la uwele jeupe, halina mwisho. Marehemu mama anapepeta, haniiti. Nilitaka aniite.

Jumatano, 10 Septemba
Leo watoto wangu wa darasa la saba wamefanya mtihani bila mimi. Wamefanya tu. Nimelia.
Elia amesema hatimaye.
"Siku mbili, Mama Neema. Ulilala ubavuni mwangu unaumwa, mimi nakoroma."
Bora angefoka. Nilidhani kuficha ni ushujaa. Kumbe ni kiburi. Nimemwomba radhi. Alinirekebishia shuka, akatoka nje muda mrefu.

Jumatatu, 15 Septemba
Sina homa. Njaa! Uji, vikombe viwili.

Jumanne, 7 Oktoba
Kipimo cha marudio. Bado nina vidonge vya miezi kadhaa, na kidole tumbo kitaondolewa baadaye. Bonge limebaki kipande kidogo ukutani mwa mshipa. Damu inapita.
Daktari, kifaa cha picha kikiwa tumboni pangu, alifungua sauti ya mashine. Nikaisikia damu yangu inaingia kwenye ini. Vuu, vuu, kama upepo wa tambarare ya Msalato, hauna haraka. Alipotaka kuizima Elia akamshika mkono wa koti.
"Iache kidogo, daktari."
Akaiacha. Tukasikiliza, watu watatu.