Sharti la Bibi Drieka

Kwa Kaka yangu Bartho,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini kile kikohozi kimeisha na kazi ya mgodini haikuchoshi mno. Sisi ni wazima, ila Bibi Drieka magoti yanamsumbua. Mbuzi wawili wamezaa mapacha. Lile birika la umeme ulilomletea Krismasi bado liko rafuni, limefunikwa kitambaa. Kila Jumamosi Bibi analifuta vumbi na kusema linangojea waya wa umeme.

Watu wa minara ya upepo walikuja mwezi uliopita, tukakutana nao kwenye ukumbi wa kanisa. Bwana wa kampuni, mwenye buti safi, alieleza kwamba upepo wetu utatoa umeme, umeme utatengeneza gesi ya hidrojeni kutoka maji ya bahari, na gesi itapelekwa Ulaya kwa meli. Mama wa serikali alitaka maoni yetu: kampuni ijenge yote na yote iwe yake, au serikali nayo iweke fedha, iwe na sehemu, na vijiji vipate umeme? Kwa kuwa nimemaliza shule, nilisukumwa mbele nitafsiri. Unanijua, Kaka. Hata dukani naomba sukari kwa kunong'ona.

Bibi alisimama na fimbo yake. Akasema nimwambie huyo wa buti safi kwamba upepo huu umemtia yeye Bibi mchanga kwenye uji miaka sabini, asije kumfundisha habari zake. Mzee Isak akadakia kwamba aulizwe kama na mchanga atanunua. Bibi akamwambia, "Nyamaza wewe, mdomo wako peke yake unatosha kuzungusha mnara!" Ukumbi mzima ukacheka. Kisha akasema, bila kucheka, kwamba anakubali kwa sharti moja: serikali iwe na sehemu yake, na waya wa kwanza uje kwetu kabla ya bandarini, kwa sababu kampuni itamuuzia mwenye fedha nyingi, na sisi hatuna.

Kwetu mtoto harudii kejeli za mkubwa mbele ya mgeni, kwa hiyo niliruka buti na uji. Nilipofika kwenye sharti, watu wote walikuwa wananitazama. Kwa Kiingereza nilisema maneno mawili tu: Bibi anakubali. Wageni wakapiga makofi. Bibi akadhani wanalipigia sharti lake, akaketi akitabasamu.

Wiki iliyopita barua ilikuja. Inasema kijiji kimeridhia kampuni imiliki yote peke yake, na waya utakwenda moja kwa moja bandarini. Bibi alinipa nimsomee. Nikamdanganya kwamba bado wanafikiria.

Kaka, naona aibu hata kuandika haya. Leo asubuhi nilimweleza Bibi yote, kwa sababu barua inasema pingamizi zinapokelewa hadi Ijumaa. Aliweka chini kikombe chake cha chai. Kisha akasema wageni watarudi Jumatano, nami nitasimama palepale niseme kila neno kwa lugha zote mbili, kuanzia buti na uji, nisipunguze kitu. Na birika nitalibeba mimi, walione linavyongojea waya.

Niombee sauti. Bibi anakusalimu, na Mzee Isak pia.

Mdogo wako mwenye aibu,
Katrina