Suruali Yako ya Kijivu, Machage

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipotuachia duka, stuli yako ya mbao, na ile suruali ya kijivu ambayo vijana wawili wa ukoo huu wanaenea humo pamoja.

Uliuza spea za pikipiki sokoni Tarime, na hakuna bodaboda aliyeondoka bila kutaniwa. "Mura, tairi hili lina upara kuliko baba mkwe wako." Lakini aliyekwama na mgonjwa ulimfungulia hata siku ya Sabato. Wazee wa kanisa walipokuita, ukawajibu, "Punda katumbukia shimoni siku ya Sabato, wazee wangu, nisimtoe?" wakabaki kukohoa.

Kitambi chako kilikutangulia kuingia ndani. Mama yako Efrazia alikigonga kwa kiganja kama anayechagua tikiti maji, akasema, "Hapa pameshiba."

Kisha ukaanza kuchoka ovyo, na uzito ukakaa chini ya mbavu za kulia. Daktari akapima kwa mashine, akasema ini limejaa mafuta. Ukacheka. "Daktari, mimi ni Msabato. Pombe naionea kwenye harusi za watu." Akakwambia ini haliharibiwi na pombe peke yake. Soda za kila siku, sukari, vyakula vya kukaanga na kushinda umekaa pia hulijaza mafuta. Hakukupa kidonge. Alisema upunguze mwili polepole, utembee, uache soda; likiwahiwa, ini hujirudi.

Ukatii, Machage. Ukawa unatembea kutoka nyumbani Turwa hadi dukani, bodaboda wanakupigia honi, wewe unawapungia mkono kama mgombea. Ugali ukapungua, mboga ya mgagani ikaongezeka. Suruali ya kijivu ikaanza kukupwaya, ukatoboa mkanda kwa msumari wa moto. Ukarudia kupiga mluzi asubuhi.

Ndipo watu wakafungua midomo. Wengine wakasema duka limekufa. Wengine wakakupa Ukimwi bila kipimo. Mama yako akaja kutoka Nyansurura na kuku wawili, akalia mlangoni hata salamu hajaitikia.

"Mama Boke, mwanangu humpi chakula?"

"Mama, ni daktari ndiye kasema," nikamjibu.

"Daktari gani anaagiza mtu akonde?"

Jioni ile ulikula kuku, ukateremshia soda. Ukaniambia mimi mkeo, "Mokami, acha nionekane mzima."

Ukaonekana mzima. Kitambi kikarudi, sokoni wakakupongeza: "Sasa ndiye Machage tunayemjua!" Ini halikupongeza mtu. Mafuta yalizaa makovu, na makovu yakaligeuza gumu. Miaka ikapita kimya, maana ini haliumi mapema. Tulipoona macho ya njano, tumbo lilishajaa maji na mikono imebaki vijiti. Hata tumbo lile kuna mtu alilisifia, akidhani ni shibe. Mwisho ulitapika damu kwenye beseni tulilopewa siku ya harusi yetu. Tumelitupa.

Kaburini mtu akanong'ona kwamba ulikuwa unakunywa kwa siri. Hukunywa. Aliyenong'ona asome hapa.

Sasa ni zamu ya Joel, mdogo wako. Nilipomwambia akapime, akaniuliza, "Shemeji, unataka na mimi nife?" Nikamjibu, "Nenda bwana, nimechoka kupikia misiba." Akaambiwa yale yale uliyoambiwa wewe, ila makovu hayajaanza. Anatembea. Amekonda. Na midomo imefunguka tena: "Joel anamfuata kaka yake."

Juma lililopita mtu alimpa pole njiani. Akaingia ndani, akaketi, akaagiza soda. Sote tukatazamana, maneno yako ya jioni ile yalikuwa yamekaa usoni pake. Aliyenyanyuka ni mama. Akarudi na kikombe cha maji, akakiweka mbele yake.

"Kunywa haya. Wakikuuliza kwa nini umekonda, waambie mama yako anakunyima chakula."

Joel akanywa. Mama akasimama pale pale hadi kikombe kikaisha.

Sala ya kukukumbuka itafanyika nyumbani Turwa. Mtakaokuja, mkimkuta Joel msimpe pole. Mwambieni amependeza.

Picha hii ulikataa tuitundike ukutani: umesimama mlangoni pa duka, suruali imekupwaya, umeishika kwa mkono mmoja na unacheka. Tulikuwa na nyingi za kitambi. Tumechagua hii.

Unakumbukwa na mama yako Efrazia, mkeo Mokami, wanao Boke na Method, mdogo wako Joel, na bodaboda wote wa kijiwe cha sokoni, ambao siku hizi hawana wa kuwatania.

Daima tutakukumbuka, Machage, ukiwa mwembamba.