Maoni Yako Nimeyapeleka Ruiru

Baba Nafula,

Jana nilisimama mbele ya watu nikaongea. Mimi, ambaye hata kwenye jumuiya nikiambiwa niongoze maombi nilikuwa nakugusa kiwiko usimame wewe.

Nikupe kwanza habari za nyumbani. Baada ya kukuzika nilishindwa kukaa Makongeni peke yangu. Nafula akanichukua, sasa niko naye Mugutha. Pale tulipokuwa tunaona mashamba ya kahawa tupu, siku hizi ni gorofa kando ya gorofa. Koti lako la kazini nimekataa kulitoa. Nafula ameacha kuniuliza.

Sasa hii ya jana. Kuna watu wanataka katiba ibadilishwe, wabunge wakae miaka saba badala ya mitano. Wananchi tukaitwa kwenye ukumbi mmoja huko Ruiru tutoe maoni. Nafula akasema twende. Nilienda kwa sababu yako.

Unakumbuka ile kura ya katiba? Mimi nilikuwa Ndiyo, wewe La. Kile kijitabu cha rasimu ya katiba ulikuwa unaenda nacho kiwandani, ukikisoma saa ya chakula hadi jalada likatoka. Mimi nilitaka serikali za kaunti, nilikuwa nimechoka kuambiwa kila kitu kinasubiri Nairobi. Wewe ulishikilia jambo moja tu, kwamba njia ya kumrudisha mbunge nyumbani wameifanya nyembamba mno. "Mtu nimemtuma mwenyewe," ulisema, "nashindwaje kumwita arudi?" Tulibishana hadi ugali ukapoa. Siku mbili tukawa tunaongea kupitia kwa Nafula.

Lakini asubuhi ya kura ulinipigia viatu vyangu rangi, tukatembea pamoja hadi shuleni, ukaniweka mbele yako kwenye foleni. Ndiyo iliposhinda ulinipa mkono kama mwenyekiti wa chama, halafu ukacheka. Na miaka yote iliyofuata, hata tulipochoka na viongozi, hukuwahi kuniambia, "Si nilikuambia?" Hukuwahi. Mimi ningekuambia kila siku.

Ukumbi ulijaa. Nilipopewa maikrofoni nikasema yangu, kwamba miaka mitano inatosha. Karani, msichana wa rika la Nafula, akaandika. Badala ya kukaa, nikasema niko na maoni ya mume wangu pia. Mwenyekiti wa kikao akauliza uko wapi ujisemee. Nikamwambia ulifariki mwaka jana.

Mwenyekiti akaniambia kwa upole, "Mama, hapa tunachukua maoni ya walio hai."

Sikukaa, Baba Nafula. Nikamjibu, "Hii katiba ilipita yeye akiwa ameikataa, na bado aliifuata mpaka akafa. Msikilizeni mara moja."

Aliniangalia kidogo, kisha akasema niendelee. Nikasema vile ulivyokuwa unasema: aliyemtuma mtu awe na uwezo wa kumwita arudi. Sikuongeza kitu. Karani akauliza aandike jina gani. Nikataja majina yako yote matatu, nikasimama pale nikimwangalia akiandika. Alipomaliza herufi ya mwisho ndipo machozi yakanitoka.

Sijui wataamua nini. Labda hizo karatasi zitaishia kabatini. Lakini tukirudi nyumbani nilikuwa nawaza, pengine kwa hilo moja ulikuwa sawa. Nilikuwa na miaka mingi ya kukuambia, sikukuambia. Nisamehe. Ya kaunti lakini siachi. Hapo bado tunabishana.

Pumzika, mume wangu. Wakituita tena nitaenda, hata kama itabidi Nafula anishike mkono. Nitasema yako kwanza, kisha yangu, na pale ambapo hatukubaliani, nitawaambia hatukubaliani.

Ni mimi,
Mama Nafula