Popi Amekula

Jumanne usiku

Basi leo amekula. Tangu augue, mbwa wangu ananusa tu chakula cha dukani na kugeuza shingo. Nilianza kuogopa kwamba asubuhi moja nitamkuta amekauka.

Mama mkwe, ambaye hataki mbwa hata akaribie jiko lake, ndiye aliyemsongea ugali wa pumba. Nilipotaka kumwaga dagaa wa Nyasa juu yake, akanishika mkono.

"Loweka kwanza chumvi itoke, mwanangu. Unataka kumuua?"

Nilichukia kuamrishwa. Lakini sufuria kuukuu ilirambwa mpaka ikang'aa.

Tangu mama ahamie kwetu, humwita "hilo limbwa lako." Jioni hii alitoka na bakuli la maji, akaniambia, "Mpishe Popi anywe."